Kupanda Kitonga kwa baiskeli ukiwa peke yako: siku moja hupangwaje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kike wa sekondari, naishi Morogoro mjini. Likizo ya Juni nimekusudia kuendesha baiskeli peke yangu hadi Mbeya, nikilala kwenye hema. Baiskeli ya gia ninayo, hema ninalo, na ramani nimeisoma. Kinachonitatiza ni siku yenyewe: niamke saa ngapi, nile nini, nifike wapi, na jua likizama nilale wapi kwa usalama? Naomba unieleze kwa mfano wa siku ya kupanda mlima wa Kitonga, njiani kuelekea Iringa, kwa kuwa ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Jibu:

Ndugu Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza habari za siku moja. Wengi wanaoniandikia huchukua jumla ya kilomita za safari, wakaigawanya kwa siku za likizo, wakapata wastani wa kilomita 80 au 100 kwa siku, na wakaamini kwamba safari imeshapangwa. Hesabu hiyo haiujui mlima, haijui joto la bondeni, na haijui kwamba msafiri aliye peke yake hana wa kumwachia baiskeli anapokwenda kutafuta maji.

Ushauri wangu mkuu nautanguliza, maana mengine yote yanatokana nao: anayesafiri peke yake aipange siku kuanzia jioni kurudi asubuhi. Aamue kwanza atalala wapi, kisha aamue atafika hapo saa ngapi, kisha ahesabu kurudi nyuma hadi aipate saa ya kuondoka. Wanaosafiri kwa kundi wanaweza kumudu kuchelewa, kwa kuwa mmoja atakita hema, mwingine atachota maji, na wa tatu atakwenda kuzungumza na wenyeji. Wewe utayafanya hayo yote mwenyewe baada ya kutwa nzima ya kukanyaga pedeli, na uchovu huharibu uamuzi mapema kuliko unavyoharibu miguu. Aliyechoka hukubali kunywa maji ambayo asubuhi angeyakataa, hukubali kulala mahali ambapo mchana asingepatazama mara mbili, na huamini kwamba kijiji kinachofuata kiko karibu kwa sababu tu anatamani kiwe karibu. Kwa hiyo nasisitiza ufike pa kulala ukiwa umebakiwa na saa mbili za mwanga.

Tuitumie kanuni hiyo kwa siku uliyoichagua, yaani kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Ilula. Umbali wake haufiki kilomita 80, na kwenye tambarare ungeumaliza kabla ya adhuhuri, lakini siku hii haipimwi kwa kilomita. Mwezi wa Juni, upande wa Iringa, jua huchomoza kama saa 12:45 asubuhi na kuzama kama saa 12:30 jioni, na baada ya dakika ishirini au zaidi kidogo huoni tena kigingi cha hema. Saa mbili za mwanga kabla ya machweo zinatupa saa 10:30 jioni kuwa mwisho wa kufika, nami ningependa ulenge saa 9 alasiri. Kutoka juu ya Kitonga hadi Ilula barabara inapanda na kushuka bila kukuonea, nayo uipe saa tatu pamoja na kula; basi uwe juu saa 6 mchana. Kupanda kwenyewe uweke saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, kwa hiyo uanze kupanda saa 3:30 asubuhi. Kutoka Mbuyuni hadi Mahenge, chini ya mlima, uweke kama saa tatu za mwendo wa pole kwenye bonde la Mto Lukosi. Tumefika saa 12:30 asubuhi, mwanga wa kwanza, na ili uondoke saa hiyo ukiwa umekula na kukunja hema lazima uamke saa 11 alfajiri. Kati ya saa 9 na saa 10:30 pana saa moja na nusu ya akiba, ambayo ni haki ya pancha, ya mvua isiyotarajiwa na ya mzee atakayekusimamisha njiani akitaka kujua unatoka wapi. Usiitumie kwa usingizi wa asubuhi.

Niseme neno moja kuhusu njia ya kufika Mbuyuni, ingawa hukuliuliza. Baada ya Morogoro barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na ndani yake wamo simba, tembo na nyati wanaovuka lami wakati wowote. Kipande hicho usikiendeshe. Pandisha baiskeli kwenye basi au kwenye fuso, ushuke Mikumi mjini, kisha uendelee kwa miguu yako. Hakuna heshima inayopotea, na hakuna atakayekuambia kwamba safari yako ilikatika.

Sasa nirudi kwenye jioni, kwa kuwa ndiyo inayobeba siku nzima. Ilula ni mji mdogo wa nyanya na vitunguu. Matenga ya nyanya utayaona yamepangwa kando ya lami, na nyumba za wageni zipo kwa atakayetaka kitanda. Wewe umeamua hema, na mimi naliunga mkono hema, lakini si hema la kujificha. Nchi yetu ina mapori makubwa, ila kando ya barabara hii mahali panapoonekana patupu huwa na mwenyewe. Ukijificha kwenye kichaka saa 11 jioni, kabla ya saa 12 atakuwa amekuona mchungaji anayerudisha ng'ombe au mama anayerudi na kuni, na habari itakayofika kijijini ni kwamba kuna mtu asiyejulikana amejificha porini. Hapo utakuwa umepoteza ulinzi ulio bora kuliko kufuli lolote, yaani watu kujua kwamba wewe ni mgeni wao.

Njia iliyo salama ni kuripoti. Ukifika, shuka kwenye baiskeli kabla ya kuwafikia watu, vua kofia ya kinga na miwani ili uso uonekane, wasalimie wakubwa kwa shikamoo, kisha uulize ofisi ya mtendaji au nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa. Toa kitambulisho bila kusubiri kuombwa. Jieleze kwa ufupi: wewe ni mwalimu, unatoka Morogoro, unakwenda Mbeya kwa baiskeli, unaomba sehemu ya kupiga hema usiku mmoja, na alfajiri utaondoka. Usianze kwa maelezo marefu ya sababu za safari, kwani wenyeji watayauliza wenyewe baadaye, tena kwa furaha, ukiwa umeshaketi. Ualimu wako utakufungulia milango mingi, kwa sababu shule iko karibu kila mahali, ina uzio au angalau mlinzi, ina choo, na mkuu wa shule atakuelewa haraka. Parokia na misikiti mikubwa yenye wahudumu nayo hupokea wasafiri vizuri.

Kwa kuwa wewe ni mwanamke uliye peke yako, nakuomba uongeze sharti moja: hema likae ndani ya ua wa familia ambamo yumo mama mwenye nyumba, au kwenye ua wa masista, na ulizungumze jambo hilo na mama huyo mwenyewe, usiliache lipite kwa wanaume peke yao. Mtendaji akikuelekeza kwenye jengo tupu la ofisi kwa nia njema kabisa, mshukuru na umweleze kwamba ungependa kulala karibu na akina mama. Hakuna atakayeliona ombi hilo kuwa la ajabu. Usimpe mwenyeji wako fedha kana kwamba umepanga chumba. Kilo ya sukari na kipande cha sabuni vilivyonunuliwa dukani kwake au kwa jirani hueleweka vizuri zaidi. Na usitangaze njiani utakapolala. Anayekuuliza kwenye kituo cha mabasi "unalala wapi leo?" mjibu kwamba una ndugu wanaokusubiri mbele, usiongeze neno.

Kuhusu kiwanja cha hema sina mengi: epuka korongo hata likiwa kavu, epuka kivuli cha mti wenye matawi makavu, na uchunguze ardhi kwa dakika kadhaa uone kama siafu wanapita. Chakula kisilale ndani ya hema kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu panya wa mashambani hukata kitambaa cha hema kwa ajili ya karanga chache. Kiweke kwenye kopo lenye kifuniko, au umwombe mwenyeji akuhifadhie ndani. Viatu viingie hemani, na asubuhi uvikung'ute, maana nge hupenda kujificha mahali penye giza. Zipu ya wavu ifungwe kabla ya jua kuzama, hasa ukiwa Mbuyuni, ambako bonde lina joto na mbu ni wengi. Ilula mbu watapungua na baridi itaongezeka, na nguo ya kulalia iliyokutosha Mbuyuni haitakutosha huko.

Asubuhi Mbuyuni, kabla ya kukunja hema, kula. Hapo ni mahali pa njiani penye madereva wa usiku, kwa hiyo chai na chapati hupatikana mapema kuliko katika vijiji vingi. Watu huogopa kula kabla ya mlima wakidhani tumbo litakuwa zito, lakini fikiria gharama ya kupanda. Tuseme wewe, baiskeli, hema, maji na mizigo yote mna uzito wa kilo 100 kwa pamoja. Kuinua kilo 100 hadi mita 1,000 juu kunahitaji karibu kilojuli 980 za kazi halisi, na kwa kuwa misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi huku iliyobaki ikitoka kama joto, mwili wako utatumia kama kilokalori 1,000 kwa kupanda peke yake. Tofauti ya mwinuko kati ya mto pale Mbuyuni na nyanda za Iringa ni ya kiasi hicho hicho. Ongeza kilomita za kawaida na mahitaji ya mwili ya kila siku, na utaona kwamba siku hii inaweza kudai kilokalori 3,500 au zaidi, ambazo sahani moja ya wali ya jioni haiwezi kuzifidia.

Kwa hiyo kula ukiwa juu ya baiskeli, kidogo kidogo, tangu saa ya kwanza. Mwili unaofanya kazi ya namna hii hupokea vizuri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu moja ya wastani ina karibu gramu 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa zinakuweka katikati ya kiwango hicho bila kununua chochote chenye nembo ya kigeni. Chapati iliyokunjwa na sukari, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, karanga na sukari guru vinafaa pia, ila karanga ziache kwa saa za mapumziko, kwa kuwa mafuta yake huchelewa tumboni. Jambo linalowashinda wengi ni kula kabla ya kusikia njaa. Ukishahisi kwamba miguu imelegea ghafla, mikono inatetemeka na hasira zimekujia bila sababu, ujue umechelewa, na dawa yake ni kushuka, kunywa soda au chai yenye sukari nyingi, na kupumzika nusu saa kivulini.

Maji nayataja kwa uzito wake, kihalisi, kwa sababu kila lita unayobeba ni kilo utakayoipandisha. Bondeni uanze na lita mbili, ujaze Mahenge, na uingie Kitonga ukiwa na lita tatu. Bonde la Lukosi lina mashamba ya umwagiliaji na maji yanaonekana kila upande, na hapo ndipo penye hatari ambayo wasafiri wengi hawaifikirii: kuchemsha na vidonge vya klorini huua vijidudu, lakini haviondoi dawa za kunyunyizia mimea ambazo huteremka na maji kutoka mashambani. Maji ya mfereji wa shamba la vitunguu au nyanya usiyanywe hata ukiyachemsha mara mbili. Chukua ya bomba au ya kisima cha kijiji kisha uyatibu, au ununue ya chupa. Beba pakiti chache za ORS, yaani chumvichumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi hufanya kazi hiyo hiyo. Na uangalie mkojo wako: ukiwa wa njano iliyokolea saa 5 asubuhi, usiendelee kupanda kabla hujanywa nusu lita na kupumzika.

Sasa Kitonga yenyewe. Naomba uiogope kwa sababu sahihi. Miteremko na kona vinavyotajwa sana na abiria wa mabasi havimtishi mpanda baiskeli anayepanda, kwa sababu yeye yuko kwenye mwendo wa mtu anayetembea na anaweza kusimama katika hatua moja. Sehemu yenye kona kali haifiki kilomita 10. Kinachohitajika ni gia ndogo ya kutosha. Kama gia yako ndogo ya mbele ina meno 26 na kubwa ya nyuma ina meno 34, na tairi ni la inchi 26, basi ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika utakuwa unakwenda kilomita 5.6 hivi kwa saa, mwendo ambao unaweza kuudumisha ukizungumza sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila anayepanda na mzigo: ukishindwa kusema sentensi moja nzima kwa sauti, umekwenda haraka mno, punguza. Wenyeji wanaopandisha mizigo kwa Phoenix isiyo na gia hushuka na kusukuma, nao wanafika. Wewe pia ukishuka na kusukuma kona mbili tatu hujashindwa kitu.

Hatari halisi ya Kitonga ni malori, hasa semi-trela zinazokwenda na kurudi Zambia na Kongo. Yanayopanda pamoja nawe hukupita polepole sana, na dereva aliye kwenye gia nzito hapendi kusimama, kwa kuwa kuanza tena na tani zote hizo kwenye mwinuko ni shida kubwa kwake. Elewa pia jinsi trela refu linavyokata kona: magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, bali huingia ndani zaidi ya kona. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kwenye kona ya kushoto sehemu ya mbele ya lori inaweza kukupita kwa nafasi nzuri kabisa, kisha magurudumu ya nyuma yakakujia pale pale ulipo. Dereva hakuoni wakati huo, wala hakukusudia. Kwa hiyo kwenye kila kona ya kushoto ukisikia lori nyuma yako, shuka kwenye lami, vuta baiskeli pembeni kabisa, usimame hadi tela lote limalize kupita. Ukifanya hivyo utapoteza labda dakika kumi na tano kwa mlima mzima, nazo tumeshazihesabu. Funga kioo kidogo kwenye usukani upande wa kulia, vaa kizibao cha kuakisi mwanga, na uwashe taa nyekundu ya nyuma mchana kweupe.

Utaona vijana wamedandia malori kwa mkono mmoja huku wameshika usukani kwa mkono mwingine, na huenda utingo akakuita nawe ushike. Usishike. Lori likibadili gia huvuta kwa ghafla, na mkono ulioshika hauna muda wa kuachia. Malori yanayoshuka ni ya hatari zaidi kuliko yanayopanda, kwani breki za lori lililobeba shaba hupata moto hadi zikapoteza nguvu, na ndiyo sababu nyingine ya kukuhimiza upande asubuhi na usikae kwenye lami unapopumzika. Mahali pa kupumzika pawe nje ya barabara, upande wa ndani wa ukuta wa mlima au penye eneo la kuegesha magari, kamwe si kwenye ukingo wa kona ya nje ambako gari lililoshindwa breki huishia.

Ukifika juu, jambo la kwanza kabla ya picha ni kubadilisha shati. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, upepo wa kusi wa Juni unavuma, na shati lililolowa jasho litakutoa joto lote katika dakika chache. Shati kavu, koti jepesi, kisha chakula. Ukikaa juu ukishangilia na shati bichi mwilini, utapigwa na baridi.

Kuhusu pancha nitakuonyesha jambo moja kwa karibu, kwa kuwa ndilo litakalokusumbua zaidi kwenye barabara hii. Miiba ya migunga ipo, lakini adui mkubwa pembeni mwa lami ni waya za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Waya hizo ni nyembamba kuliko sindano ya cherehani, urefu wake hauzidi ukucha, na hupenya tairi ukiwa hujui; tairi hupungua upepo polepole, unaziba tyubu, unajaza, na baada ya kilomita tano imepungua tena. Fundi wa haraka atasema kiraka ni kibovu. Tatizo ni kwamba waya bado imo ndani ya tairi, inachungulia kwa milimita moja. Kidole chako hakitaihisi, au kitaihisi kwa kuchomwa. Chukua kipande cha pamba au kitambaa chepesi, ukipitishe polepole ndani ya tairi lote kwa kuuzungusha ukuta wake, na pale nyuzi za pamba zitakaponasa ndipo waya ilipo. Ivute kwa koleo ndogo kutoka nje ikiwezekana, au isukume kutoka ndani kwa ncha ya kisu, kisha upitishe pamba mara ya pili. Linganisha pia tundu la tyubu na mahali kwenye tairi. Ndiyo maana nakushauri uliweke tairi kwenye ringi nembo yake ikiwa imeelekeana na valvu siku zote, ili upate pa kuanzia kuhesabu. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, solusheni, pampu, na koleo. Tyubu na matairi ya inchi 26 utayapata katika miji ya njiani. Kama baiskeli yako ni ya magurudumu membamba ya mashindano, beba tairi zima la akiba kutoka Morogoro, kwa sababu vijijini hulipati.

Panga pia mapema ni lini utakubali kwamba siku imeshindikana, na upange ukiwa nyumbani, kichwa kikiwa baridi. Kwa siku hii naweka mpaka wa saa 7:30 mchana: kama saa hiyo haijakukuta juu ya Kitonga, usijaribu kufidia kwa kukimbia. Kama bado uko chini, rudi ulale Mahenge, uripoti kama nilivyoeleza, na upande kesho. Kama uko katikati ya mlima, simamisha fuso tupu lenye nafasi nyuma, upakie baiskeli, ushuke Ilula. Homa, kuharisha, kizunguzungu kisichoisha baada ya kunywa na kula, au breki yenye hitilafu usiyoweza kuirekebisha, kila kimoja kati ya hivyo kinatosha kuifuta siku bila mjadala. Ilula ina hospitali ya Kanisa la Kilutheri, na kuanzia Mbuyuni hadi Iringa mjini magari hayakosekani.

Mtu mmoja nyumbani, si watu kumi, awe na ratiba yako. Umtumie ujumbe mara tatu kwa siku: ukiondoka, ukifika juu, na ukishaonana na mwenyeji wako, ukitaja katika ujumbe huo wa mwisho jina la kijiji na cheo cha aliyekupokea. Mkubaliane kwamba ujumbe wa jioni usipofika hadi saa 2 usiku aanze kupiga simu, kwanza kwako, kisha kwa ofisi ya mtendaji wa mahali ulipokusudia kulala, ambayo namba yake utakuwa umeitafuta kabla ya safari. Simu izimwe data ukiwa njiani ili chaji ifike jioni.

Bado una muda kabla ya Juni, na Morogoro ni mahali pazuri pa kujipima. Mwishoni mwa wiki moja pakia baiskeli kila kitu utakachokwenda nacho, pamoja na hema na lita tatu za maji, upite barabara ya Iringa hadi upande wa Mzumbe, ukate kuelekea Mlali, kisha uanze kupanda Uluguru kwenda Mgeta. Barabara hiyo ina mwinuko mkali, ila malori ni machache. Panda kwa nusu saa ukijipima kwa sentensi niliyokueleza. Ukiweza kuzungumza, gia zako zinatosha na mzigo wako ni wa kiasi. Ukishindwa, mwombe fundi akufungie gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, na utoe kwenye mizigo kila ambacho hukukigusa tangu ulipoondoka nyumbani. Ulale huko usiku mmoja kwa utaratibu ule ule wa kuripoti, kisha uniandikie ni kitu gani ulikikosa hemani, nasi tutapanga siku ya Makambako.